Mashine Isiyoona Faili

Kuhamisha video ya kompyuta kwenda kwenye diski kwa rekoda ya DVD ya mezani ni kazi ya saa kwa saa: harusi ya saa 2 hula saa 2. Rekoda haipokei faili. Hupokea picha na sauti kupitia waya wa AV, njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, kisha huzigeuza kuwa MPEG-2, ambayo deki kongwe ya sebuleni Kahama au Katoro huielewa.

Hapo ndipo penye uhondo na balaa. Chochote kilicho kwenye kioo huingia kwenye diski. Mshale wa kipanya ukisahauliwa, bibi harusi atazeeka nao shavuni. Onyo la betri humfunika mshenga. Mlio wa ujumbe huingilia ngoma. Fundi anayejua kazi huzima intaneti, huizuia kompyuta isilale, hutanua picha ijae kioo, huondoa mshale, na huanza kurekodi kabla video haijaanza kucheza. Laptop yenye HDMI pekee huhitaji kibadilishio cha kwenda AV, kikiwekwa PAL, mfumo wa Tanzania.

Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Rekoda nyingi huruhusu kuijaza kwa saa 1, 2, 4 au 6. Mwenye tamaa huchagua 6, na ngoma ya bugobogobo humuumbua: majembe yakirushwa juu, picha huvunjika kuwa vimraba, maana nafasi haitoshi kubeba mwendo wa kasi. Hotuba hustahimili 4. Ngoma ni 2, basi.

Kisha diski hufungwa kwa amri ya rekoda (finalize), kazi ya dakika chache. Isipofungwa, huchezwa na rekoda iliyoiandika na kugomewa na deki nyingi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, yote yanaweza kupotea.

Kompyuta yenye kichomeo cha DVD nayo huweza kazi hii, mradi programu igeuze video kuwa muundo wa DVD. MP4 iliyonakiliwa hivihivi, deki kongwe haiisomi.

Linabaki suala la nakala. Diski za kuchoma huharibiwa na joto na jua, na jua la Shinyanga halina mchezo. Fundi naye akifuta faili apate nafasi ya harusi nyingine, nani ameihifadhi ya kwanza? Anayekabidhiwa diski adai na faili kwenye flashi, siku hiyohiyo.