Maneno ya Kuitana na Mvuto wa Wahusika katika Tamthilia za Mapenzi ya Chuoni za Korea: Funzo kwa Ufasiri wa Kiswahili Makindye, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza chanzo kimoja cha mvuto wa wahusika katika tamthilia za runinga za Korea Kusini zenye mandhari ya shule na chuo, nacho ni maneno ambayo wahusika hao huyatumia kuitana. Tamthilia tatu zimechambuliwa: Boys Over Flowers (2009), Cheese in the Trap (2016) na Weightlifting Fairy Kim Bok-joo (2016–2017). Hoja kuu ni kwamba mtazamaji humpenda mhusika kwa kufuatilia jinsi umbali kati yake na mwenzake unavyopungua, na umbali huo hupimwa kwa maneno ya heshima na ya ukaribu. Kwa kutumia mfano wa Makindye, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuubeba mvuto huo, lakini nyenzo hizo hazipokewi kwa namna moja Kampala, Mombasa na Dar es Salaam. Mwishoni yametolewa mapendekezo kwa watunga sera wanaokusudia kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya vijana wa Uganda, na si somo la mtihani peke yake.

1.0 Utangulizi

Uganda imechukua hatua kadhaa za kukipa Kiswahili nafasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka ya mwanzo. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizi zinahusu madaftari, walimu na mitihani. Hazigusi swali jingine, ambalo ni gumu zaidi: kijana wa Kampala atamsikia nani, anayempenda, akizungumza Kiswahili?

Swali hilo ndilo linaloleta tamthilia za Korea katika mjadala wa sera ya lugha. Tamthilia hizi zina hadhira kubwa Afrika Mashariki, na zile za mapenzi ya chuoni huwahusu watu wa rika lilelile linalolengwa na mtaala. Kabla ya kuuliza kama zinafaa kufasiriwa kwa Kiswahili, ni lazima kueleza kwanza zinavutia kwa nini.

2.0 Makindye: Kilima Chenye Viswahili Viwili

Makindye ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala. Kilimani kuna kambi ya polisi wa jeshi ambayo, katika utawala wa Idi Amin (1971–1979), ilijulikana kwa gereza lake. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na mwaka 1973 utawala huo ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa wengi waliokuwa watu wazima wakati ule, sauti ya Kiswahili iliambatana na amri na bunduki. Hata kabla ya hapo hakikuwa kimepokewa kwa moyo mmoja. Gavana William Gowers alipokipigia debe mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga, kwa kuhofia nafasi ya Luganda.

Chini ya kilima hicho, katika eneo la Kansanga lililomo ndani ya divisheni hiyohiyo, kipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanzishwa mwaka 2001. Miongoni mwa wanafunzi wake wamo Wakenya na Watanzania. Kwao Kiswahili ni lugha ya kuazimana daftari, kutaniana, kuposana na kuombana radhi. Makindye basi ina Viswahili viwili: kimoja cha kambini, kingine cha chuoni. Kile cha kwanza kina kumbukumbu ndefu katika masikio ya wenyeji, ilhali kile cha pili husikika na wachache nje ya mabweni.

Kampala pia ina utamaduni wake wa kufasiri filamu kwa sauti. Katika vibanda vya video, mfasiri anayeitwa vijei hupunguza sauti ya filamu na kuisimulia kwa Luganda, huku akitoa maoni, akiwatania wahusika na kuwapachika majina ya mtaani. VJ Jingo na VJ Junior ni miongoni mwa waliopata umaarufu kwa kazi hii, na tamthilia za Korea zimo katika orodha ya kazi zinazofasiriwa hivyo. Tanzania nayo ina jadi ya aina hiyo kwa Kiswahili, ambapo Lufufu wa Dar es Salaam ni jina linalokumbukwa. Kwa hiyo, ufasiri wa Kiswahili ukiingia Kampala utaikuta hadhira iliyokwisha kuzoea mfasiri hodari.

3.0 Mhusika Hupendwa kwa Anavyoita na Anavyoitwa

Brown na Gilman (1960) walieleza kwamba viwakilishi vya nafsi ya pili katika lugha nyingi za Ulaya huonesha mambo mawili: mamlaka na mshikamano. Kikorea hufanya kazi hiyo kwa njia pana zaidi. Kitenzi hubadilika mwishoni kulingana na anayeambiwa. Usemi wa heshima huitwa jondaemal, na ule wa walio karibu au wa mkubwa kwa mdogo huitwa banmal. Juu ya hayo kuna maneno ya kuitana: sunbae kwa aliyetangulia chuoni, oppa kwa mwanamume aliye mkubwa kwa mwanamke anayesema, nuna kwa mwanamke aliye mkubwa kwa mwanamume anayesema. Haiwezekani kufungua mdomo bila kuonesha unamweka wapi unayezungumza naye.

Katika Boys Over Flowers, Geum Jan-di ni binti wa fundi wa kufua nguo aliyeingia katika shule ya matajiri. Yoon Ji-hu humwita sunbae, kwa adabu inayostahili. Gu Jun-pyo, mrithi wa kampuni kubwa na mkubwa wake shuleni, humwita kwa jina lake kamili, bila cheo. Mvuto wa Jan-di umo hapo. Hana fedha wala ukoo wa kujivunia, lakini ana uwezo wa kuchagua nani anastahili heshima. Kila anapolitamka jina la Jun-pyo likiwa tupu, mtazamaji husikia mnyonge akimnyima mwenye nguvu kitu kisichoweza kununuliwa.

Cheese in the Trap hufuata njia tofauti. Hong Seol ni mwanafunzi anayesoma huku akifanya kazi za muda. Yoo Jung ni mtoto wa mwenye kampuni, mpole kwa wote, na hakuna amjuaye vizuri. Baada ya kipindi kirefu cha ubaridi, Jung anaanza kumwita Seol kwa jina lake, akiongeza mwishoni kiambishi cha ukaribu, na kumwalika waende kula. Sentensi hiyo fupi inamtia Seol wasiwasi mkubwa, na mtazamaji pamoja naye, kwa sababu ukaribu umetangazwa kabla ya kujengwa. Seol mwenyewe huendelea kumwita sunbae hata wanapokuwa wapenzi. Jung ni mhusika mwenye utata, na neno hilo moja huuhifadhi utata wake: ni la adabu, na pia ni la tahadhari.

Weightlifting Fairy Kim Bok-joo inahusu chuo cha michezo. Bok-joo hunyanyua vyuma. Baba yake ana mgahawa wa kuku wa kukaanga. Jung Joon-hyung, mwogeleaji, alisoma naye shule ya msingi, na anapomtambua humwita kwa jina la utani la utotoni linalomaanisha mnene. Hawa ni wa rika moja, hivyo hakuna ngazi ya heshima ya kushuka. Safari yao inahusu maana ya jina. Neno lililoanza kama kejeli hugeuka kuwa siri ya watu wawili, na Bok-joo anayeitikia kwa hasira katika sehemu za mwanzo si yule anayeitikia mwishoni. Kinyume chake, kwa daktari anayempenda kwa siri hutumia lugha ya adabu, na adabu hiyo humwambia mtazamaji mapema kwamba penzi hilo halitafika.

Katika mifano yote mitatu, sura nzuri za waigizaji na muziki vina nafasi yake, lakini havielezi kwa nini mtazamaji husubiri kipindi kinachofuata. Anachosubiri ni badiliko la neno.

4.0 Kinachopotea na Kinachorudishwa

Tafsiri za Kiingereza zinazopita chini ya picha huwa na ugumu hapa. Kiingereza hakina neno la kila siku lililo sawa na sunbae, na mara nyingi jina la mtu huwekwa mahali pake. Matokeo yake, Jan-di huonekana kumwita kila mtu kwa jina, na uchaguzi wake hufutika.

Kiswahili kina bahati zaidi. Kina kaka, dada, mwenzangu, bwana, mzee. Kina shikamoo na marahaba. Kina tofauti kati ya “nipe” na “naomba unipatie”. Jina la utani la Bok-joo linaweza kuwa “Bonge”, neno ambalo mtaani huweza kuumiza au kubembeleza kutegemea anayelisema. Mtazamaji wa Afrika Mashariki pia hahitaji kuelezwa kwamba heshima inaweza kukaa ndani ya penzi. Mke anayemwita mumewe “Baba Fulani” hamweki mbali naye. Ndiyo maana sunbae ya Seol, inayoweza kuonekana baridi kwa anayesoma Kiingereza, hueleweka kwa wepesi Kansanga.

Hata hivyo, kuna mtego. Mfasiri wa pwani anayekutana na oppa au sunbae anaweza kuchagua “kaka” bila kusita. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo ni la adabu kwa mwanamume yeyote wa makamo ya msemaji au aliyemzidi kidogo, na ndoa ya mabinamu inakubalika, hivyo msamiati wa undugu hauzuii penzi. Buganda hali ni nyingine. Kwa desturi, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na neno ambalo mwanamke humwitia ndugu yake wa kiume, mwannyinaze, lina uzito wa mwiko huo. Msikilizaji wa Makindye anayekipima Kiswahili kwa mizani ya Luganda anaweza kusikia msichana akimwita mpenzi wake ndugu. Badala ya kuvutiwa, atacheka, au atashangaa.

Vijei wa Luganda ana njia ya kukwepa: hutumia ssebo, jina la utani, au huongeza maelezo yake mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kujifunza kwake. Badala ya kutafuta neno moja la kuziba nafasi ya sunbae, anaweza kuisambaza heshima katika sentensi nzima: cheo pamoja na jina mwanzoni, “naomba” na “samahani” katikati, kisha jina peke yake wakati ukaribu unapofika. Kanuni ni moja: neno likibadilika katika Kikorea, kitu fulani kibadilike pia katika Kiswahili, na kibadilike katika onyesho lilelile.

5.0 Mapendekezo ya Kisera

Uingizaji wa sauti za Kiswahili si jambo geni. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na kampuni za televisheni za kulipia zimeendeleza kazi hiyo. Kutokana na uchambuzi uliotangulia, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, vyombo vya lugha vya nchi wanachama, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viandae mwongozo wa maneno ya kuitana kwa ajili ya wafasiri wa filamu. Mwongozo huo uoneshe neno linavyopokewa katika kila eneo, na usichukulie kwamba kilicho adabu Zanzibar ni adabu Kampala.

Pili, ufasiri unaolenga Uganda uwashirikishe vijei wenye uzoefu pamoja na wanafunzi wa vyuo wanaokitumia Kiswahili kila siku. Wa kwanza wanaijua hadhira. Wa pili wana lugha ya rika linalohusika. Maonyesho machache yajaribiwe mbele ya wasikilizaji wa Makindye kabla ya kazi nzima kurekodiwa.

Tatu, dondoo fupi, kwa idhini ya wenye hakimiliki, zitumike darasani. Mwanafunzi aulizwe: kwa nini Jan-di anamwita huyu kwa cheo na yule kwa jina? Wewe ungesemaje kwa Kiswahili? Zoezi hili hufundisha matumizi ya lugha katika uhusiano wa watu, jambo ambalo orodha ya ngeli haiwezi kulifundisha.

Mapendekezo haya yana gharama. Haki za kurusha hulipiwa, studio hukodiwa, na wapo watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa hadithi za Seoul badala ya kazi za waandishi wa nyumbani. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mfasiri aliyejifunza kuupima umbali kati ya watu wawili kwa Kiswahili ataibeba stadi hiyo katika tamthilia zitakazoandikwa Kampala, na hizo ndizo zinazopaswa kuwa lengo.

6.0 Hitimisho

Wahusika wa tamthilia za mapenzi ya chuoni za Korea huvutia, kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila neno wanaloitana lina bei. Kiswahili kina maneno yenye bei kama hiyo, mradi mfasiri ajue yanauzwaje katika soko analoliendea. Kwa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha iliyosikika kwa vizazi kama sauti ya amri haiwezi kubadilishwa sura kwa tamko la serikali. Kijana anaweza kufaulu mtihani wa Kiswahili na bado akakosa maneno ya kumbembeleza mtu, kumliwaza au kumwomba msamaha. Atayapata akiwasikia watu anaowapenda, wakiwemo wa kubuni, wakiyatumia kwa namna inayomgusa.