MAELEZO KUHUSU KOMPYUTA ZA ZAMANI ZINAZOSHINDWA KUPOKEA MTANDAO WA SIMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaotumia kompyuta za zamani wanaelezwa kuwa kompyuta inayoshindwa kupokea intaneti kutoka hotispoti ya simu si lazima iwe mbovu. Mara nyingi adapta yake ya Wi-Fi, yaani kile kifaa kinachopokea mawimbi, huwa nzima. Tatizo ni kuwa simu mpya inarusha kwa utaratibu usiojulikana na adapta hiyo. Inafaa jambo hili lieleweke kabla ya mali ya umma kufutwa katika daftari na kutupwa.

Sababu ya kwanza ni masafa. Adapta za kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999 na 802.11g cha mwaka 2003, pamoja na nyingi za 802.11n cha mwaka 2009, hupokea gigahezi 2.4 tu. Simu ikirusha kwa gigahezi 5, jina la mtandao halitaonekana kabisa, hata simu ikiwekwa ubavuni mwa kompyuta. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya hotispoti katika simu na kuchagua gigahezi 2.4. Katika iPhone 12 na zilizofuata ipo swichi ya kuongeza upatanifu, inayofanya kazi hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni aina ya ulinzi. Hapa jina la mtandao huonekana, lakini kompyuta hukataa kuunganika ingawa neno la siri ni sahihi. Simu nyingi za sasa zinaweza kutumia ulinzi wa WPA3 uliotangazwa mwaka 2018, ambao adapta kongwe haziufahamu. Mtumiaji achague WPA2 katika simu, kisha aufute mtandao huo katika kumbukumbu ya kompyuta na kuunganisha upya.

Aidha, jina la hotispoti liwe la herufi na tarakimu za kawaida, bila ya alama za mapambo. Ikumbukwe pia kuwa simu nyingi huizima hotispoti yenyewe inapokaa bila ya kutumiwa.

TAHADHARI: Wapo wanaoondoa neno la siri ili kurahisisha mambo. Jambo hili halifai. Yeyote aliye jirani ataweza kuingia na kulimaliza bando, na taarifa za ofisi zisizofichwa kwa njia nyengine zinaweza kunaswa hewani.

Ikiwa hatua zote hizo hazikufaa, simu iunganishwe na kompyuta kwa waya wa USB na ichaguliwe njia ya kugawa intaneti kwa waya. Kwa njia hiyo adapta haihitajiki. Adapta kongwe mno isiyoweza hata WPA2 ibadilishwe peke yake kwa adapta ndogo ya USB, na kompyuta iendelee na kazi.

Mwisho, kompyuta iarifiwe katika mipangilio yake kuwa mtandao huo ni wa kulipiwa kwa kipimo, ili isipakue masasisho makubwa na kulimaliza bando kabla ya kazi kukamilika.

Alhasili, kompyuta isihukumiwe kabla ya simu kuchunguzwa.