Kifaa sikioni hakitoshi, ongea na mwanao!

Akina mama na akina baba, leo tuongee kuhusu mtoto aliyefika miaka miwili na nusu na bado hasemi hata "mama". Si mnajua mambo ya mtaani kwetu? Hapo kila mtu anageuka daktari. Jirani anasema ana udata, apelekwe akakatwe. Bibi anasema mwacheni, hata baba yake alichelewa. Wa kusema "mpimeni masikio" humwoni.

Basi miezi inayoyoma, na miezi hiyo ndiyo mali yenyewe. Ubongo hushika lugha kwa wepesi miaka ile ya mwanzo. Samaki mkunje angali mbichi. Wataalamu wanashauri mtoto apimwe masikio kabla ya mwezi mmoja, tatizo lijulikane kufikia miezi mitatu, na aanze kusaidiwe kabla ya miezi sita. Kipimo hakiumi, mtoto anapimwa amelala. Na kama aliugua homa ya uti wa mgongo, usingoje hata kidogo, maana sikio la ndani linaweza kujaa mfupa na kumpa daktari kazi ngumu.

Vifaa viko vya aina kadhaa. Kuna shimesikio, kile kinachokaa nyuma ya sikio na kukuza sauti. Halafu kuna kifaa cha kupandikiza, kwa mtoto ambaye hata sauti ikikuzwa haimfikii vya kutosha. Hiki kinapeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Zamani Watanzania walipelekwa India kwa upasuaji huo. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuufanya hapa hapa Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni, jamani. Mtoto wa mdogo wangu anavaa shimesikio mbili, na mimi ndiye mama yake mkubwa ninayeshinda naye. Niliyoyaona ni haya: kifaa hakimfundishi mtoto kuongea. Kinafungua mlango tu. Anayeingiza maneno ni wewe.

Kila asubuhi tunakipima kwa sauti sita: aa, ii, uu, mm, ss, shh. Naziba mdomo kwa karatasi asinisome midomo, natamka moja, naye anarudia. Siku asiposikia "ss", najua kuna kitu. Pengine betri imekwisha, pengine nta imeziba. Kikianza kupiga mluzi, mara nyingi sikio limekua na kile kipande cha kuziba tundu hakikai tena vizuri, inabidi kitengenezwe kingine. Usiku, kwa joto na jasho letu la pwani, kinalala kwenye kopo lenye chembechembe za kukausha unyevu. Na mchana hakivuliwi! Eti wengine wanamvalisha siku ya kwenda kliniki tu. Hapo atajifunza lini?

Halafu ongea naye. Sogea karibu, kama mita moja, mwanga ukuangukie usoni, na redio izimwe. Sema unachofanya: "Namenya kitunguu. Kitunguu kinawasha macho. Oo, mama analia!" Kisha nyamaza, mpe nafasi naye ajibu. Usipige kelele, sauti inapotoka hiyo. Kama mko mbali na mtaalamu, mrekodi kwa simu mkicheza, mtumie video, akuelekeze.

Msikate tamaa mapema. Mtoto wa miaka minne aliyewekewa kifaa mwaka jana, masikio yake yana mwaka mmoja tu. Mtoto mchanga naye husikiliza karibu mwaka mzima kabla ya neno la kwanza, na hakuna anayemcheka. Siku ya kuwashwa kifaa wengine hulia kwa kushtuka. Maneno yanakuja baadaye, taratibu.

Na lugha ya alama je? Kuna watakaokuambia uifiche mikono, eti itamfanya mvivu wa kuongea. Mimi nasema mtoto asikae bila lugha akisubiri masikio. Betri zinakwisha, vifaa vinaharibika, na wengine vifaa haviwasaidii vya kutosha. Sisi nyumbani tunatumia vyote, na mdomo wa huyu mtoto haupumziki. Juzi kaniambia wali wangu umeungua!

Gharama ni kubwa, sikatai. Shimesikio bei, betri bei, nauli ya kliniki nayo. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza betri zinapatikana wapi na nani atakitengeneza kikiharibika. Lakini kumpima masikio usikuahirishe. Mpeleke wiki hii.