Kununua shangingi lililotumika: Bei ya gari hushuka, bei ya vipuri haishuki

Na Mwandishi Wetu

MWENYE shangingi la miaka 20 au zaidi jijini Dar es Salaam, mathalani Prado ya umbo lile lililotoka mwaka 1996 au Land Cruiser iliyonunuliwa kwenye mnada wa serikali, hufika mahali akachoka. Leo ni rejeta, mwezi ujao giaboksi, na baada yake ni mlio chini ya gari ambao kila fundi anausikia ukitoka upande tofauti. Ndipo anapoanza kupita kwenye yadi na kusoma matangazo, akitafuta shangingi jingine lililotumika lakini lenye umri mdogo kuliko lake.

Huko hukutana na jambo la kushangaza. Range Rover Sport au BMW X5, magari ambayo yakiwa mapya hununuliwa na matajiri, mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Toyota Prado ya umri uleule, na wakati mwingine chini yake. Wengi huona kuwa ni bahati. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini soko zima, lenye wanunuzi wazoefu kuliko wao, limeiacha bahati hiyo ipite.

Jibu ni kwamba bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Tuchukue mfano wa gari lililouzwa likiwa jipya kwa Sh300 milioni na ambalo leo, baada ya miaka 14, linauzwa Sh40 milioni. Kompresa ya springi za hewa, taa ya mbele, kompyuta ya giaboksi: vyote hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya gari la Sh300 milioni, na huuzwa hivyo hivyo. Mnunuzi ametoa Sh40 milioni, lakini ameoa katika nyumba ya Sh300 milioni, na wakwe hawajamaliza kudai mahari.

Toyota nayo ilikuwa ghali ilipokuwa mpya. Tofauti ni kwamba vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi, vipuri vya mtumba kutoka Japan vimejaa Kariakoo na Gerezani, na fundi wa Dodoma au Mbeya ameshafungua injini ya namna hiyo mara nyingi. Hiyo ndiyo sababu Prado inashikilia bei yake. Mnunuzi anapolalamika kuwa Prado ya zamani ni ghali mno, ajue kwamba sehemu ya fedha anazotoa ni malipo ya urahisi wa kuitengeneza.

Mfano mzuri ni springi za hewa. Mashangingi mengi ya Ulaya, yakiwamo Range Rover, Land Rover Discovery 3 na 4, na baadhi ya Mercedes-Benz ML, hayakukalia springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Likiwa zima, gari huelea juu ya mashimo na linaweza kuinuliwa au kushushwa kwa kubonyeza kitufe. Mpira huzeeka. Hupata nyufa ndogo, hewa huanza kuvuja kidogo kidogo, na kompresa hulazimika kufanya kazi muda wote kufidia kinachopotea, hadi nayo inaungua. Mwenye gari hubadilisha kompresa, akidhani amemaliza, kumbe aliyeiua bado yupo. Baada ya miezi michache kompresa mpya nayo inakufa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Muuzaji aombwe kuliacha gari lililozimwa usiku kucha kwenye sakafu iliyo sawa, na mnunuzi afike asubuhi kabla halijawashwa. Kona moja ikiwa imelala chini kuliko nyingine, jibu limepatikana. Muuzaji ambaye kila ukifika unakuta injini tayari ina moto anastahili kuulizwa sababu, maana injini ya baridi husema mengi ambayo ya moto huyaficha: moshi, mlio wa cheni, mtetemo wa nozeli.

Injini za Ulaya zina udhaifu wake unaojulikana. Dizeli ya V6 ya lita 2.7 iliyofungwa kwenye Discovery 3 na Range Rover Sport, pamoja na ile ya lita 3.0 iliyoifuata, zina sifa mbaya ya kukatika mhimili mkuu ambao mafundi huuita krenki. Ikikatika, hakuna matengenezo, bali ni kutafuta injini nyingine. Na si kazi ya siku moja, kwani kwa matengenezo makubwa ya magari hayo mafundi wengi hulazimika kuliinua bodi lote kutoka kwenye chesesi. Atakayelinunua ajiulize ni gereji ngapi mjini zina nafasi na vifaa vya kufanya hivyo.

BMW X5 za dizeli zilizotoka tangu mwaka 2010 zina injini ambayo cheni yake ya taimingi imewekwa nyuma, upande inapokutana na giaboksi. Cheni yenyewe huenda si ghali, lakini kuifikia ni lazima injini au giaboksi itoke. Mercedes-Benz ML 350 ya petroli iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005 ina gia ndogo ndani ya injini ambayo kwenye matoleo ya miaka ya mwanzo hulika kabla ya wakati wake, na kuibadilisha ni kuifungua karibu injini yote. Porsche Cayenne ya kwanza yenye injini ya V8 ilikuwa na mabomba ya maji ya plastiki yaliyopita mahali pa moto, na plastiki hiyo hupasuka. Haya hayana maana kwamba kila gari la aina hizo ni bovu. Maana yake ni kwamba mnunuzi adai ushahidi wa risiti kwamba kazi hizo zimeshafanyika, au aipunguze bei kana kwamba atazifanya yeye.

Wapenzi wa Toyota nao wasijisahau. Dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD, iliyo kwenye Prado nyingi za tangu mwaka 2000, ina kasoro ambayo imewamaliza wengi kimyakimya. Vizibo vidogo vya shaba chini ya nozeli vikilegea, moto wa ndani huvuja na kuichafua oili mpaka inageuka masizi mazito. Masizi hayo huziba chujio lililo chini ya sampu, oili haipandi tena, na injini inajisaga. Dawa ni kubadilisha vizibo hivyo mapema na kufungua sampu kukagua chujio, kazi ambayo fundi wa kawaida anaiweza. Ile ya kabla yake, 1KZ, inajulikana kwa kupasuka kichwa cha silinda ikichemka. Land Cruiser 100 ya petroli ya V8 ina belti ya taimingi, si cheni, na muuzaji anayesema haijui ilibadilishwa lini amekwisha kukupa hoja ya kushusha bei. Lexus LX 470, ndugu yake wa kifahari, hutumia shokapu za mafuta zinazopandisha na kushusha gari, na huko nako ugonjwa wa Ulaya umebisha hodi Japan.

Jambo moja huwachanganya wanunuzi wengi. Prado ya umbo lililotoka mwaka 2009 iliuzwa Japan kwa injini za petroli tu, ya lita 2.7 au ya lita 4.0, mpaka mwaka 2015 ilipopata dizeli ya lita 2.8. Basi ukionyeshwa Prado ya dizeli ya mwaka 2012 inayodaiwa kuletwa kutoka Japan, kuna jambo la kuulizwa. Ama limetoka nchi nyingine, ama limebadilishwa injini. Hiyo ya lita 2.7 ni imara na vipuri vyake ni rahisi, ila mwenye haraka asiitarajie kuvuka lori kwenye mlima kwa mkanyago mmoja, maana gari lina uzito wa tani mbili.

Dizeli ya lita 2.8 iliyouzwa Japan ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na tangi dogo la maji ya urea. Dizeli za Ulaya za miaka ya karibuni ziko hivyo pia. Mifumo hiyo ilibuniwa kwa mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango kilichokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Kichujio pia kinahitaji gari litembee safari ndefu ili masizi yaungue. Gari linaloshinda kwenye foleni ya Ubungo na Tabata, likizimwa na kuwashwa, halipati nafasi hiyo. Kwa anayezunguka mjini tu, petroli ni chaguo la amani zaidi, ingawa inakunywa.

Asili ya gari nayo hubeba siri zake. Gari lililopita kwenye mnada wa Japan huwa na karatasi ya mnada yenye alama. Gari la alama 4 au 4.5 limetunzwa, lakini herufi R au RA humaanisha limewahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji aonyeshe karatasi yenyewe, si kuisimulia. Hati za usajili za Japan pia huandika kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi, na hapo ndipo gari la kilometa 190,000 lililofika likisoma 78,000 hukamatwa.

Gari la Uingereza ni rahisi zaidi kulichunguza. Ukiwa na namba yake ya zamani unaweza kusoma bure, katika tovuti ya serikali ya nchi hiyo, matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka unaoitwa MOT, kilometa zake, na hata onyo kwamba tairi zimeisha au mabomba ya breki yana kutu. Kutu ndilo neno la kuliangalia. Wakati wa baridi barabara za huko hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, na vivyo hivyo mikoa ya kaskazini ya Japan. Juu gari linang'aa. Chini chesesi inaliwa. Mnunuzi aingie chini ya gari na tochi, rangi mpya nyeusi isimridhishe. Magari mengi yenye usukani wa kulia yanayouzwa Dubai nayo yalitoka Japan kwanza, hivyo muuzaji wa huko aulizwe karatasi zilezile.

Kwa gari lililokwishatumika nchini, watu hupenda kusema ni "namba D" au "namba E" kana kwamba ndiyo umri wake. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa hapa lini, si lilitengenezwa lini. Kadi ya gari ndiyo isomwe, na izingatiwe kama ni halisi, maana kadi iliyowekwa rehani benki haiwezi kuwa mkononi mwa muuzaji.

Anayeagiza mwenyewe asisahau kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hukokotoa kodi kwa thamani ya gari pamoja na usafiri na bima, na magari yenye injini inayozidi lita 2.0, ambayo ni karibu mashangingi yote, hulipa ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi ya madogo. Umri nao una adhabu yake, kwani gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada unaohesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa. TRA ina kikokotoo katika tovuti yake, na ni busara kukitumia kabla ya kutuma fedha nje, si baada ya meli kutia nanga. Kenya imechagua njia nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa.

Basi achukue lipi? Kwa mwenye familia anayekwenda Moshi au Songea mara kadhaa kwa mwaka na kushinda mjini siku nyingine, mwandishi huyu angechagua Prado ya petroli ya lita 2.7 ya umbo la mwaka 2009, hata kama ni lazima kuchukua ya mwaka wa nyuma kuliko alivyotamani. Asiyetoka kwenye lami hahitaji shangingi. Harrier inamtosha, na tofauti ya bei ni karo ya shule. Anayeitaka Range Rover kwa moyo wote, na wapo, ainunue akiwa ameweka pembeni angalau theluthi ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama fedha zote zinaishia kwenye ununuzi, gari hilo litamalizia siku zake juu ya mawe uani.

Kabla ya yote hayo, gari la zamani lipewe nafasi ya mwisho kwa haki. Likiwa na chesesi isiyo na kutu wala mkunjo, injini ya mtumba, shokapu mpya na rejeta mpya huenda vikagharimu chini ya kodi peke yake ya gari jingine. Likiwa na kutu, liuzwe mapema, na umiliki uhamishwe TRA siku ileile kwa mkataba na kadi, kwani mpaka jina libadilike, faini za barabarani za mnunuzi zitaendelea kusomeka kwa mwenye gari wa zamani.