Milimita 67 tu, behewa halipiti!

Wadau, sisi wa Maneromango treni tunaifuata Mzenga, stesheni ya TAZARA. Juzi jamaa kijiweni kaniuliza, kwa nini korosho zisipakiwe pale zikashuke Tabora moja kwa moja? Jibu ni upana: TAZARA milimita 1067, reli ya zamani ya kati 1000. Ndo maana 1998 kikafunguliwa kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo, gunia linabebwa mara mbili.

Kumbe wakubwa waliliona mapema! Vichwa vya mvuke vya Garratt daraja la 59, vilivyotoka Manchester 1955-56, viliundwa viweze kugeuzwa viende 1067. TAZARA imekamilika 1975, mvuke ndo unaondoka. Kimoja, "Mount Shengena", jina la mlima wetu wa Upare, kimehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi. Hakikugeuzwa kamwe.