Majani ya Ruzizi na Adabu ya Kuyakata

Katika majani ya malisho ambayo Afrika imeyatoa kwa walimwengu, hayapo yaliyo na nasaba dhahiri zaidi kwa mtu wa Bukavu kuliko yale ambayo wanazuoni wa mimea waliyaita Brachiaria ruziziensis. Kwani jina lao la pili limetwaliwa katika mto uleule unaotoka Ziwa Kivu ubavuni mwa mji huu, ukateremka makorongoni hadi Kamanyola, kisha ukapita uwandani mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Asili yao ni uwanda huo, ambao kiangazi chake ni kikali kuliko cha vilima vya Kabare, na mabingwa wawili, Germain na Evrard, ndio waliowapa walimwengu sifa za majani haya na jina lao mwaka 1953.

Tangu hapo yamesafiri mbali. Brazili huyapanda kwa wingi, na Thailand huvuna mbegu zake kwa biashara. Aidha yana tabia moja iliyowafaa sana wataalamu: ilhali jamaa zake mashuhuri, brizantha na decumbens, aghalabu hufanya mbegu pasipo kuchanganya damu ya dume na jike, haya ya Ruzizi huchanganya, na kwa hiyo yaweza kuzalishwa na mengine. Baada ya idadi ya kromosomu zake kuongezwa maradufu huko Ubelgiji, kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT nchini Kolombia kiliyatumia kupata machotara ya Mulato na Mulato II, ambayo leo yamerudi Afrika ya Mashariki na kupandwa kuzunguka mahindi, ili yawavute nondo wa viwavi wanaotoboa mabua.

Lakini sifa isimdanganye mkulima. Majani haya ni ya kudumu, na kiangazi cha miezi mitatu au minne huyakausha juu bila ya kuyaua chini. Hata hivyo katika ustahimilivu huo yanazidiwa na decumbens, na tena hupenda ardhi yenye rutuba. Katika udongo wa asili ya volkano wa upande wa Kavumu na Katana hustawi kwa furaha; katika udongo mchachu uliochoka wa Walungu yatahitaji samadi nyingi, na asiye nayo ni heri apande decumbens au Mulato II. Wala yasipelekwe mabondeni kwenye maji yaliyotuama, maana mizizi iliyozamishwa huoza.

Wakati wa kupanda ni Septemba, mvua zikisha kutengemaa, ili miche ipate msimu mzima wa kujikita kabla ya Juni. Mbegu zilizovunwa punde hulala usingizi, nazo zikihifadhiwa mahali pakavu kwa miezi sita hivi huota vyema zaidi. Zifukiwe sentimita 1 au 2 tu, katika udongo uliolainishwa na kusafishwa magugu, kwa sababu zikizikwa kwa kina, nyingi hazitoki. Asiye na mbegu na agawanye mashina ya shamba kongwe, kila kipande kiwe na mizizi yake, ayapande kwa nafasi ya nusu mita. Penye mteremko mistari ikingame kilima, isielekee bondeni, na hapo majani yatafanya kazi mbili: kulisha ng'ombe, mbuzi na simbilisi, na kuzuia mvua isichukue udongo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha elimu yote hii, nalo ni kukata. Nguvu ya majani kuvuka kiangazi haikai katika majani tunayoyaona, bali katika akiba ya chakula iliyowekwa chini ya mashina na mizizini, kama nafaka iliyotiwa ghalani. Na akiba hiyo hutengenezwa na majani mabichi maadamu yanapata jua na maji. Mwenye kukata mpaka ardhini, na kukata kila yachipuapo, huulazimisha mmea kutumia akiba yake kwa kuchipua upya, hata kiangazi kikiingia huukuta fukara, nao hufa. Kisha mwenye shamba husema kwamba mbegu ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo, mwaka wa kwanza usikate kabla ya miezi mitatu au minne kupita. Baadaye kata kila baada ya wiki sita hadi nane, ukiacha sentimita 10 au 15 juu ya ardhi, na urudishe samadi, kwa kuwa kila mzigo unaobebwa kwenda zizini huondoka na rutuba ya shamba. Mwishoni mwa Aprili sitisha mundu, uyaache yakue katika mvua za mwisho. Juni ikifika, kata mara moja tu, ukiacha shibiri nzima, uyaanike na kuyaweka makavu kwa siku za dhiki. Baada ya hapo usiyaguse, wala usiruhusu mifugo kuingia, hata mvua za Septemba ziyaamshe.

Mkulima mwenye ng'ombe mmoja ataona uzito kuacha majani yasimame ilhali zizini mna njaa, na uzito huo ni wa haki. Tiba yake ni kupanda shamba kubwa kidogo kuliko haja ya masika, kwa hesabu inayoanzia kwenye Agosti. Kwani shamba linalotosha Novemba tu ndilo hukatwa hadi mzizi Julai.