Pua Yaweza Kutoa Habari za Pafu

Umepata kumwona mnunuzi wa mahindi akikagua gunia? Hamwagi gunia lote chini. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha, akachoma gunia. Punje chache hutoka. Kwa punje hizo hujua hali ya mahindi yaliyomo.

Wachunguzi wa magonjwa nao walitafuta bambo la kupimia pafu. Wamelipata puani.

Njia moja ya hewa

Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Huzioni kwa macho matupu. Njia ya hewa huanzia puani, hupita kooni, kisha huingia katika mirija ya pafu. Seli za puani na za mirija hiyo zafanana. Nyingi zina vinyweleo. Nyingine hutoa ute. Vumbi likiingia hunaswa na ute, na vinyweleo huusukuma ute huo utoke.

Mtu mwenye pumu mirija yake huvimba, ikawa myembamba. Kifua hulia kama filimbi. Ili kujua sababu, wachunguzi huhitaji seli za mirija yenyewe. Kuzipata ni kazi. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa mpaka ndani ya pafu. Mtoto hupewa kwanza dawa ya usingizi. Je, wewe ungekubali mwanao afanyiwe hivyo kwa ajili ya uchunguzi tu? Ndiyo maana pumu ya watoto ni ngumu kuchunguza.

Puani ni rahisi. Burashi ndogo huingizwa, husuguliwa kidogo, hutolewa. Macho hutoa machozi, basi.

Je, pua husema kweli?

Wachunguzi wa Aberdeen, Uskoti, walitaka kujua. Walichukua seli za pua na za pafu kutoka kwa watu wale wale. Walizikuza katika vyombo. Kisha wakazitia kemikali ambazo mwili huzitoa wakati wa uvimbe. Mwaka 2008 walitangaza matokeo. Seli za pua na za pafu hazikuwa sawa kabisa, lakini zilijibu kwa namna inayofanana. Mwaka huo huo, wachunguzi wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa moshi wa sigara huacha alama zinazofanana katika seli za mirija ya pafu na za pua.

Lakini tahadhari. Bambo likichoma juu tu, huenda fukusi wako chini ya gunia. Pua nayo ina magonjwa yake, kama mafua. Kwa hiyo wachunguzi huitumia pua kwa uangalifu, na mambo mengine bado huyatafuta pafuni.

Wewe ufanye nini?

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini haya nayajua. Burashi hiyo ni ya uchunguzi, si dawa. Usimwingizie mtoto kitu chochote puani. Mtoto akipumua kwa shida, au kifua chake kikilia, mpeleke zahanati upesi. Jikoni toboa dirisha, moshi utoke. Ukipura mahindi, funga kitambaa puani na mdomoni.

Kumbuka: hewa inayopita puani ndiyo inayofika pafuni.